Kupeleka Kitanda cha Mama Riziki Kashebere

Tangu nirudi kila mtu ananiuliza jambo lile lile, na kila mtu nimempa kipande tu cha habari. Sasa nasikia vipande vimeunganishwa vibaya. Kuna mwanakwaya mmoja, simtaji, anayetangaza kwamba nilibeba maiti kutoka Goma mpaka Walikale. Sikubeba maiti. Nilibeba kitanda. Nimeandika yote hapa tangu mwanzo, msome, halafu mniache nipumzike.

Goma mpaka Sake

Gari langu mnalijua. Ni jeep la zamani la mazutu, yaani dizeli, lenye turbo, nililolitumia miaka yote niliyokuwa nachanja ng'ombe kule Nyamitaba. Kando ya kioo cha mbele lina bomba jeusi lenye kofia, linalopanda mpaka usawa wa paa. Humo ndimo moteri inavutia hewa, ili nikivuka mto maji yasiingie. Tulipokimbia Nyamitaba, mimi na mke wangu, Mama Riziki, lilitubeba sisi na majirani wazee na mbuzi wawili, polepole, mpaka Goma. Tangu hapo limekaa uani kwangu juu ya mawe ya volkano. Nalitoa kwenda kanisani na sokoni. Mara moja lilikwenda hospitali, tukaenda wawili nikarudi peke yangu.

Kwa ukoo wa mke wangu, mama ana mbegu yake ya maharagi. Si mbegu ya kununua. Ni mchanganyiko wake mwenyewe, aina hii kutoka kwa nyanya yake, aina ile kwa jirani, nyingine kwa rafiki aliyekutana naye sokoni Kitshanga, na kila msimu anachagua tena kwa mkono. Binti yake akizaa mtoto wa kwanza, mama anamfungia sehemu ya mbegu hiyo. Mbegu hiyo haipikwi hata njaa ikiingia. Kuipika ni sawa na kumla mama mwenyewe, ndivyo mama mkwe wangu alivyokuwa akisema, na hakuwa mtu wa utani.

Siku za mwisho hospitalini, Mama Riziki alinishika mkono akasema, "Mbegu iko mu gari." Nilishuka nikapekua chini ya viti, nyuma ya tairi la akiba, ndani ya sanduku la spana. Sikuona kitu. Nilipopanda tena kumuuliza ni wapi hasa, alikuwa ameshanyamaza, na hakusema tena.

Riziki, binti yetu wa pekee, alikuja kwa matanga kutoka Kashebere, kule Walikale, alikoolewa. Aliuliza mbegu. Nikamwambia maneno ya mama yake. Akalipekua gari yeye mwenyewe, akang'oa mpaka mazulia. Kisha akatazama zile sufuria kubwa za maharagi tuliyokuwa tunawalisha waombolezaji, maharagi niliyonunua sokoni kwa mkono wangu huu, akasema mbele ya shangazi zake, "Papa, mulipika mbegu ya mama." Niliapa, lakini kuapa bila ushahidi ni kupoteza mate. Alirudi Kashebere na simu zangu hakupokea. Alipojifungua, nilipata habari kwa mchuuzi wa mawese.

Njo maana nilifunga safari. Vitu vya mama ni vya binti: kitanda chake cha mbao, kinu, sufuria. Nilivifunga, kitanda juu ya paa miguu ikitazama mbinguni. Nikanunua pia mfuko wa maharagi ya rangi nyingi, nikijua vizuri kwamba Riziki angetambua mara moja si yale. Lakini mtu hawezi kwenda kumtazama mjukuu mikono mitupu. Nilichotaka ni kimoja tu, mtoto wangu anitazame tena kama baba yake.

Barabara mpaka Sake ni tambarare, na gari lilikwenda vizuri. Pale nilikula sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, nikasimama kando ya sufuria kwa sababu meza nzima kwa mtu mmoja inanichosha siku hizi. Muuzaji aliuliza kama namsubiri mtu. Nikamwambia hapana.

Mlima wa Mushaki

Baada ya Sake barabara inapanda, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mwanzoni nilisikia tu kwamba kitu kimekosekana. Turbo ya gari langu ina mluzi. Ukikanyaga mafuta mlimani, inaanza kupiga mluzi mwembamba, halafu unasikia mgongo unasukumwa kwenye kiti. Mama Riziki alikuwa akiuita wimbo wa chekechea. Siku hiyo nilikanyaga, nikasubiri mluzi, haukuja. Nikakanyaga mpaka chini. Moshi mweusi ulitoka nyuma mpaka sikuona nilikotoka, na gari likawa linatambaa kwa gia ya kwanza.

Kijana mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao, iliyojaa viazi, anayesukuma mti huo kwa kifua chake mlimani, alinipita. Alinisalimia kwa heshima alipokuwa anapita, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikaegesha, nikafungua kapo, boneti ya mbele. Moteri ilikuwa inanguruma taratibu kama haina tatizo duniani. Nikavuta mafuta nikiwa nimesimama, ikaitika. Nikapanda tena, nikaondoka, mita chache mlimani ikakabwa tena. Miaka yote ya ng'ombe imenifundisha kwamba mnyama anayepumua vizuri akilala, akihema akipanda, huyo muulize mapafu kwanza, tumbo baadaye. Lakini wapi pa kumuuliza gari?

Mama mmoja alikuwa ameketi kando ya barabara na ndoo ya fromage, yale magurudumu ya jibini ya Masisi, akingoja usafiri. Aliitwa Mama Zawadi. Alitazama moshi, akatazama kitanda, akasimama, akafunga kitenge vizuri.

"Pole sana, Papa," alisema. "Ni nani amefariki?"

"Hakuna, Mama. Ni kitanda tu."

"Kitanda ya nani?"

"Ya mama watoto. Alikufa mwaka jana."

"Basi pole ni ile ile," akasema, akapanda mbele na ndoo yake bila kuongeza swali.

Mama Zawadi alikuwa na dawa yake ya magari. Kabla hatujaondoka aliweka kiganja juu ya dashibodi, akafumba macho, akaomba sala ndefu akitaja mikanda, magurudumu, dereva, na "hii moshi yenye haiko ya Mungu". Nikasema amina. Gari likaondoka likatambaa vile vile.

"Mazutu ulinunua wapi?" akaniuliza.

"Kwa vidumu, pale mlangoni mwa mji."

"Njo hiyo. Batu ba vidumu banatia maji."

Hilo lilikuwa neno la akili, maana wengi wameuziwa maji kwa jina la mazutu. Nikasimama, nikafungua kizibo cha chini cha chujio la mafuta, nikakinga kwenye kikombe. Yalitoka safi. Mama Zawadi alinusa, akatikisa kichwa, akanikatia kipande cha fromage kwa kisu cha mfukoni ili kunifariji, na tukala na ndizi za kuchemsha alizokuwa amefunga kwenye jani.

Msichokielewa mkinicheka kuhusu maiti ni hiki. Gari linalotambaa mlimani, taa zimewashwa kwa sababu ya ukungu, kitanda kimelala juu: watu wa milima wanajua hiyo ni nini. Kila kijiji tulichopita watu walisimama. Wanaume walivua kofia. Mahali pamoja akina mama waliacha majembe wakatufuata nyuma kwa miguu, wakiimba wimbo wa mazishi, na wala hawakuhitaji kukaza mwendo. Nilitaka kusimama niwaeleze. Mama Zawadi alinigusa mkono.

"Wacha baimbe. Wakati alikufa, watu wa kwenu ku kilima balikuya?"

Hawakuja. Wangekujaje? Kila mmoja alikuwa amekimbilia kwake. Mama Riziki alizikwa Goma na watu wa mtaa waliokuwa hawajamjua hata mwaka. Basi nikaendesha mbele ya akina mama wasionijua, wakiimbia kitanda kitupu, na nililia mpaka mlima ulipokwisha.

Masisi, kwa Jeremi

Mama Zawadi alishuka Masisi. Aliniachia kipande kingine cha fromage na anwani ya fundi. Mlango ulipofungwa ndipo nilipojua alivyokuwa amejaza gari.

Fundi Jeremi ni mwanaume wa makamo, mcheshi, mwenye mikono mikubwa. Alinisikiliza vizuri, kisha akafanya kazi kwa mpango. Alitoa chujio la hewa kwenye boksi lake, akaligonga kwenye goti, likatoa vumbi kidogo tu. Akapapasa mipira yote inayopeleka hewa kutoka turbo kwenda kwenye moteri, akakuta mmoja umelegea, akaufunga kwa ukanda aliokata kwenye tyubu ya baiskeli, akavuta mpaka ukalia.

"Hapa njo hewa ilikuwa inatorokea," alisema. "Twende tujaribu."

Tukapanda kilima cha nyuma ya soko. Moshi ule ule. Tukarudi karakana.

Akafungua mdomo wa turbo, akaingiza kidole, akazungusha kile kifeni cha ndani. Kilizunguka chepesi. Akakitikisa huku na huku, hakikucheza.

"Ni muzima?" nikauliza.

"Inazunguka. Lakini haiimbe." Alijifuta mikono. "Papa, ukweli ni huu. Turbo imezeeka. Inakufa ndani kwa ndani. Tuitoe, tupitishe bomba moja kwa moja, gari itatembea kama haikuzaliwaka na turbo."

"Na mlimani?"

"Itapanda polepole."

"Hata sasa inapanda polepole."

Akacheka, hakukasirika. Alinialika kwake, mkewe akatupa bugali na sombe ya majani ya muhogo, na watoto wao walitaka nisimulie nilivyomtoa ndama aliyekwama tumboni mwa ng'ombe wa Nyamitaba. Nilisimulia mpaka wakalala. Wenyeji walinipa chumba, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nasikia watu wakiongea ng'ambo ya ukuta. Usingizi haukuja upesi kwa sababu hiyo.

Asubuhi nilimwambia Jeremi aiache turbo mahali pake. Sikuwa na hoja ya ufundi. Nilikuwa nakumbuka tu kwamba Mama Riziki aliupenda ule mluzi.

"Ni wewe mwenye gari," alisema. "Usikanyage sana. Na ile filtre ya hewa, uipulize mara kwa mara, barabara ya mbele iko na vumbi."

Kamba ya barabarani

Kabla ya kufika Nyabiondo kulikuwa na kamba imekatiza barabara, na vijana wenye bunduki. Sitasema ni wa nani. Huko hatuulizi, na ninyi pia msiulize.

Walitaka kujua nabeba nini. Nikasema vitu vya binti yangu. Mmoja akafungua sufuria moja moja. Mwingine akaufikia mfuko wa maharagi, akaupima kwa mkono, akautua upande wao wa kamba.

"Hiyo ni ya mwenye kuzaa," nikasema.

"Sisi pia tuko na njaa, Papa," akajibu bila ubaya, kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Mkubwa wao alikuwa ameegemea lile bomba jeusi kando ya kioo, amelikumbatia kwa mkono, akitazama juu.

"Na kitanda?"

"Ni ya marehemu."

Akaondoa mkono upesi kwenye gari na kurudi nyuma. Kitanda hawakukigusa, na baada ya hapo hawakugusa kitu kingine. Waliteremsha kamba.

Nilikwenda mpaka nyuma ya kona ya kwanza nikasimama. Haikuwa hofu tu. Nilikuwa nimeshaandaa kichwani namna nitakavyouweka mfuko ule mbele ya Riziki na kusema, najua si ile, lakini pokea. Sasa hata hiyo sikuwa nayo. Ningefika na kitanda cha mtu aliyekufa na moshi mweusi. Nilifikiria kugeuza. Ningegeuza, lakini pale barabara ilikuwa nyembamba, na nyuma yangu ilikuwa ile kamba.

Mlima wa mwisho

Kati ya Nyabiondo na Kashebere kuna mlima ambao sijui jina lake na sitaki kulijua. Udongo mwekundu, mvua ilikuwa imepita. Nilijaribu, gari likapanda nusu, likakohoa moshi, likazima. Nikarudi kinyumenyume mpaka chini. Nikajaribu tena, ikawa vile vile. Hakuna mtu. Ndege tu, na maji yanayotiririka mahali fulani porini. Nikatoa simu kumpigia mtu, nikagundua kwamba mtu ambaye ningempigia kulalamika kuhusu gari ni yule yule mwenye kitanda.

Nikakumbuka maneno ya Jeremi. Nikafungua boksi la chujio, nikaweka mfuniko wake juu ya jiwe, nikatoa chujio nikalipuliza kwa mdomo, nikalirudisha, nikafunga kapo. Nikaingia. Niliomba kama Mama Zawadi, kiganja kwenye dashibodi, ila sala yangu ilikuwa fupi.

Gari lilipanda.

Nasema lilipanda. Katikati ya mlima, pale lilipozimia mwanzo, nilisikia mluzi. Ulianza chini, ukapanda, na kiti kikanisukuma mgongoni. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari, mtu mzima. Nilifika juu nikihema kana kwamba nimekimbia, nikasimama kulishukuru, na ndipo nilipokumbuka kwamba mfuniko wa chujio nimeusahau chini kwenye jiwe.

Nilishuka mlima mzima kwa miguu, nikaukuta, nikapanda nao kwapani, matope mpaka magotini. Nikaufunga mahali pake, nikazibana pini zote. Mbele kulikuwa na kilima kingine, kidogo. Nikaondoka. Moshi. Hakuna mluzi.

Nilikaa nikiwa nimeshika usukani. Kisha nikashuka, nikaondoa mfuniko tena, nikajaribu. Mluzi. Nikarudisha mfuniko. Moshi. Nikacheka sauti. Basi turbo haikuwa mgonjwa, chujio halikuwa chafu, mipira haikuvuja. Mfuniko ukiwa wazi, moteri inavuta hewa hapo hapo chini ya kapo. Mfuniko ukifungwa, haina budi kuvuta kupitia lile bomba jeusi la kando ya kioo. Ikilala inavuta kidogo, na kidogo kinapita. Mlimani turbo inataka pumzi nyingi, na pumzi haipo. Ng'ombe alikuwa amekabwa kooni, na sote tulikuwa tunampapasa mapafu.

Nilichukua spana, nikalegeza pete ya chuma pale bomba linapopinda kuingia chini ya kapo, nikalivuta, nikachungulia. Niliona sufi. Sufi ya mistari ya kijivu na nyeusi.

Ilikuwa soksi yangu. Ninyi wa zamani mnajua nilikuwa refa, arbitre, wa mechi za parokia kule Nyamitaba, na mnajua soksi zangu ndefu. Moja ilipotea wakati wa kukimbia, na nilimsumbua Mama Riziki kwa miezi, nikimwambia kwamba mwanamke aliyekumbuka kubeba mpaka ungo alishindwaje kukumbuka soksi. Yeye alikuwa ananitazama tu na kutabasamu. Moja iliyobaki sikuitupa.

Niliivuta taratibu. Ilikuja nzito, ndefu, imejaa, inaporomoka kwa ndani. Mdomo wake ulifungwa kwa ukanda wa kitenge chake cha kijani, na ncha ya ukanda ilikuwa imechanika. Ndipo nikaelewa kila kitu, nikiwa nimepiga magoti kwenye matope. Alijua barabarani watatukagua, na chakula ndicho kitu cha kwanza kuchukuliwa. Aliwahi kuniona nikifungua ile kofia ya juu ya bomba kutoa majani. Aliifungua, akaiteremsha mbegu ndani ya soksi, akaufunga ukanda kwenye ukingo, akarudisha kofia. Ukanda ulikatika baadaye, soksi ikateleza mpaka kwenye kona. Goma hakuna milima ya kunionyesha.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Aliniambia iko mu gari. Iliendelea kuwa mu gari.

Nililia, tena si kama kule Mushaki. Kule nililia kwa sababu ya watu. Hapa hapakuwa na mtu, na nilitamani sana awepo hata mmoja nimwonyeshe.

Kashebere

Riziki alikuwa kwenye kibanda chake kando ya barabara, chupa za mawese mezani, mtoto mgongoni. Alisikia mluzi kabla hajaliona gari. Baadaye aliniambia hivyo. Mumewe alikuwa ameenda kununua bidhaa, kwa hiyo tulikuwa sisi tu.

"Karibu, Papa," alisema. Si zaidi ya hapo. Majirani walisaidia kushusha kitanda, na hata wao walivua kofia kwanza. Riziki alipitisha kiganja kwenye mbao za kichwani, pale mama yake alipokuwa anaegemea. Akaniletea kiti, akaniletea maji ya kunawa. Alinikaribisha kama mgeni wa heshima, na kutoka kwa mtoto wako hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo.

Nilikuwa na hotuba. Niliitunga tangu mlimani. Lakini niliiacha, nikaingia tu garini, nikaleta soksi, nikaiweka mezani kati ya chupa.

Aliitazama.

"Hii ni soksi ya arbitre."

"Ni yenyewe."

Aligusa fundo la kitenge. Alilijua lile fundo, mama yake alikuwa anafunga hivyo hivyo mizigo, chakula, na nywele za binti yake. Alilifungua kwa meno. Akachukua ungo, akamimina.

Zilitoka zikicheza: za zambarau zenye mistari, za njano ndogo, nyeupe zenye jicho jekundu, nyeusi za mviringo. Riziki aliinama. Alianza kuzigusa kwa kidole kimoja, moja moja, midomo ikitembea bila sauti.

"Hii ya jicho ni ya nyanya," alisema hatimaye. "Hii nyeusi, mama aliombaka kwa mama mumoja wa Kitshanga. Niliendaka naye." Akairudisha kwenye ungo. "Ilikuwa fasi gani?"

"Mu gari. Fasi inapumulia."

"Ulisemaka iko mu gari."

"Nilisema."

"Nilitafuta, Papa. Nilitafuta kabisa."

"Hata mimi, mama. Hata mimi nilitafuta."

Hakuomba msamaha kwa maneno, na mimi sikuyahitaji. Alimfungua mtoto mgongoni akaniwekea mapajani, kitu ambacho alikuwa hajafanya tangu nifike, akasema, "Mushike. Ni Mapendo." Mapendo ni jina la mke wangu. Alikuwa amempa jina hilo mtoto na hakuniambia. Mtoto alinitazama kwa macho makali ya bibi yake, akanikojolea suruali, na tukacheka, tukilia kidogo.

Riziki alichagua mbegu mpaka jioni. Nzima aliziweka upande mmoja. Nyingine zilikuwa zimepasuka kwa kusuguana barabarani, nyingine zimeingia vumbi na harufu ya mazutu. Hizo haziwezi kuota, si mbegu tena. Aliziosha, akaziosha tena, akaziweka jikoni kwenye moto. Sikuuliza. Aliporudi alikuwa na sahani moja, na maharagi yale ya rangi nyingi yakiwa yamechanganyika na mawese, akaiweka mbele yangu, akakaa kando yangu na kijiko cha pili.

"Kula, Papa," alisema. "Sasa njo unaikula."

Nilikula. Yalikuwa na ladha ya mazutu kwa mbali, na sikuwahi kula kitu kizuri zaidi tangu mama yake aondoke.

Huko kurudi hakuna cha kusimulia. Gari lilipanda kila mlima likiimba, na kiti cha kando kilikuwa kitupu, na hakuna aliyenivulia kofia. Jeremi alifurahi kusikia, akasema yeye alikuwa karibu kukisia.

Ile miche mnayoiona kwenye kidumu kilichokatwa mlangoni kwangu ndiyo mbegu hiyo, konzi moja aliyonipa Riziki, na ndiyo sababu nawafukuza kuku wenu. Riziki anapiga simu Jumapili baada ya misa kuniambia shamba lake limefikia wapi, na kuuliza langu la kidumu. Juzi nilimwomba soksi yangu. Alikataa. Anasema mbegu ya mama ilikuja ndani yake, na msimu ujao itarudi ndani yake. Basi nimebaki na ile moja, na bado sijaitupa.